Utamu Uko Kwenye Maji ya Kombe

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Desemba, soko la samaki la Porta Nolana mjini Napoli halilali. Mabeseni yamepangwa hadi barabarani, mikunga wanajinyonganyonga majini, na watu wanapita bega kwa bega wakitafuta mfuko wa wavu uliojaa kombe wadogo walio hai, wale ambao Waitaliano huwaita vongole. Jioni inayofuata ni mkesha wa Krismasi. Kwa desturi ya Wakatoliki wa kusini mwa Italia, nyama haipandi mezani jioni hiyo, na katika nyumba nyingi za Napoli mlo hufunguliwa kwa spageti na kombe.

Ukiuliza kinachoingia sufuriani, orodha yake ni fupi hadi inatia shaka: spageti, kombe, mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, pilipili kidogo na majani ya pasili. Nyanya ya kopo hakuna, krimu hakuna, siagi hakuna, jibini hakuna. Aliyezoea rojo zito atauliza mchuzi wenyewe uko wapi. Mchuzi umo ndani ya magamba. Kombe akipata moto hufunguka na kuyaachia maji ya bahari aliyokuwa ameyafungia, pamoja na utomvu wa nyama yake, na maji hayo ndiyo yatakayobeba ladha yote. Kazi ya mpishi kuanzia hapo ni kuyalinda: yasiwe na mchanga, yasikaukie jikoni, yasizidi chumvi, na mwishoni yashikane na mafuta na wanga wa spageti mpaka sahani ing'ae.

Nimekula pasta ya vyakula vya baharini katika hoteli kadhaa za mwambao wetu, na nyingi zimenisikitisha kwa sababu hiyo moja. Maji ya kombe yalimwagwa kwenye sinki, kisha mpishi akaenda kuitafuta ladha kwenye kopo la krimu. Inauma zaidi kwa kuwa bahari iko mita chache nje ya dirisha la jiko.

Wengi wakisikia pasta ya kupikwa nyumbani huona meza iliyotapakaa unga na mayai. Hiyo ni picha ya kaskazini, ya Bologna na jirani zake, ambako tambi mbichi za mayai huliwa na mchuzi wa nyama. Napoli ni mji wa pasta kavu. Mama wa Napoli hajioni mvivu akifungua pakiti ya spageti, maana anajua tambi kavu ya ngano ngumu inaweza jambo ambalo tambi ya mayai hailiwezi. Itapikwa ndani ya maji ya kombe kwa dakika kadhaa, iyanywe, na bado isilegee. Italia ilikwishalitia jambo hili kwenye sheria: tangu mwaka 1967, pasta kavu inayotengenezwa nchini humo kwa soko lake lazima itokane na ngano ngumu.

Safari fupi kusini mwa Napoli inakufikisha Gragnano, mji ulio chini ya milima ya Lattari. Kwenye bonde lake kulikuwa na vinu vya maji vya kusaga ngano, na upepo wenye unyevunyevu wa bahari ulipanda hadi mitaani, ambako tambi zilitundikwa kwenye fito zikauke polepole. Leo zinakaushwa kwenye vyumba maalumu, lakini wanaozitengeneza kwa njia ya kale bado wanashika mambo mawili: moto mdogo wa kukaushia, na matundu ya shaba ya kupitishia donge la unga. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliipa pasta ya Gragnano hadhi ya kulindwa, hivyo haiwezi kutengenezwa kwingineko na kubeba jina hilo.

Matundu hayo ya shaba si mapambo ya tangazo. Donge likipita kwenye tundu lililotandikwa tefloni, tambi hutoka laini na yenye kung'aa. Likipita kwenye shaba, hutoka na ngozi ya kukwaruza, rangi yake imepauka, na kama kuna vumbi jeupe juu yake. Ngozi hiyo ndiyo inayoachia wanga majini na kuushika mchuzi. Dukani, inua pakiti mbili uzitazame mwangani, na uchukue iliyofifia.

Tambi kavu ni za kale kuliko wengi wanavyodhani, na zinatugusa kuliko tunavyodhani. Mwaka 1154 mwanajiografia Al-Idrisi alimaliza kitabu chake kikubwa cha maelezo ya dunia, alichokiandika Palermo kwa ajili ya Mfalme Roger wa Pili wa Sisilia. Ndani yake anaieleza Trabia, mahali karibu na Palermo penye mito na vinu, palipotengenezwa tambi nyingi za kupakiwa merikebuni na kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Kitabu hichohicho kinaitaja pia Malindi, katika pwani ya Wazanji. Mwandishi mmoja, juzuu moja: tambi za Sisilia na bandari ya Waswahili.

Zaidi ya miaka mia nane baadaye, Waitaliano walifika Malindi kwa shughuli nyingine kabisa. Mhandisi Luigi Broglio na wenzake walisimamisha jukwaa la kurushia roketi baharini karibu na Ngomeni. Setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa hapo mwaka 1967, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikaruka ile iliyopewa jina la Uhuru, setilaiti ya kwanza kutumwa angani mahususi kuchunguza miale ya eksirei. Nyuma ya wanasayansi walikuja watalii, na nyuma ya watalii wakaja waliojenga nyumba na kufungua mikahawa. Leo kijana wa Malindi anaweza kupatana bei ya kamba kwa Kiitaliano bila kugugumia. Kaskazini zaidi, Wabarawa wa pwani ya Somalia, wasemaji wa lahaja ya Chimwiini waliowahi kuwa chini ya utawala wa Italia, walijua pasta zamani, sawa na majirani zao Wasomali ambao hadi leo huila kama chakula cha kila siku. Kwetu tuliobaki, tambi zilikaa upande wa utamu: nazi, sukari, iliki, na futari ya Ramadhani. Sioni ugomvi kati ya sahani hizi mbili. Anayejua kukaanga tambi za futari bila kuziunguza tayari ana jicho la kupika spageti.

Sasa kombe wenyewe. Mpishi wa Napoli akipata chaguo hutaka vongola verace, kombe wa asili wa bahari ile, mwenye gamba la kijivujivu lililochorwa mistari. Lakini wengi wanaouzwa Italia leo ni jamaa yake kutoka Asia, kombe wa Manila, aliyeletwa katika wangwa wa Venice mwaka 1983 na kustawi kuliko ilivyotarajiwa. Ufugaji wake uliziinua jamii nzima za pwani ya Adriatiki, hasa kwenye delta ya mto Po, katika vijiji kama Goro na Scardovari. Mwaka 2023 jamii hizo zilipata pigo. Kaa wa buluu, mzaliwa wa pwani ya Amerika ya Atlantiki, aliongezeka ghafla na kuvila vifaranga vya kombe kwenye mashamba yao. Serikali ya Italia ilitenga euro milioni 2.9 kuwalipa wavuvi wawanase kaa hao, na mikahawa ikaanza kutangaza spageti ya kaa wa buluu. Ni jibu la busara kwa upande wa jikoni, ila wafugaji waliopoteza mavuno ya miaka hawakufidiwa na sahani za mikahawa.

Kuna pia historia chungu ambayo kila anayependa chakula hiki anapaswa kuijua. Mwaka 1973 kipindupindu kililipuka Napoli, na lawama zikaelekezwa kwa kome waliokuwa wakiliwa wabichi. Mashamba ya kome bandarini yaling'olewa. Viumbe hawa hula kwa kuchuja maji, na kila kilichomo majini, kizuri na kibaya, hupita ndani ya miili yao na kingine hubaki. Kwa sababu hiyo Ulaya hupima maji wanamovuliwa na kuyapanga kwa madaraja, na wanaotoka kwenye maji yasiyo safi kabisa hawauzwi mpaka wamekaa kwenye matangi ya kuwasafisha. Mfuko wa wavu wa Porta Nolana una lebo inayosema walitoka wapi na lini. Kwetu lebo hiyo mara nyingi haipo, kwa hiyo swali lazima liulizwe kwa mdomo: hawa wameokotwa wapi? Wakiwa wametoka karibu na mkondo wa maji machafu, karibu na bandari au mdomo wa mfereji wa mji, waache. Moto huua vijidudu, lakini hauondoi sumu za mwani wala metali.

Akina mama wa Unguja na wa vijiji vingi vya mwambao wanawajua kombe kwa mikono yao. Bamvua likifika na maji yakapwa mbali, hutoka na ndoo na kisu kuchokoa mchangani. Kombe wa kwetu mwenye gamba nene la mifuo ana nyama ngumu kuliko yule wa Napoli, ndiyo maana tunampika muda mrefu na nazi. Kwa spageti anafaa pia, ila baada ya kufunguka nyama yake ikatwekatwe ndogondogo. Wachague wadogo, usiende kwa wakubwa.

Tupike. Kwa watu wanne tafuta kilo moja ya kombe walio hai na gramu 400 za spageti. Kombe hai hujifunga. Aliyeachama mgonge gamba, na asipojifunga mtupe. Aliyevunjika naye mtupe. Halafu fanya wanavyofanya wanawake wa Napoli: mchukue mmojammoja umgonge kidogo kwenye ubao. Gamba tupu lililojaa tope huwa limejifunga kama zima, na likigongwa hufunguka na kukutemea uchafu mweusi. Moja tu la aina hiyo likiingia sufuriani linaharibu kazi yote, kwa hiyo usione uvivu.

Wakishachambuliwa, waloweke kwenye maji ya chumvi, gramu 35 kwa lita moja, sawa na chumvi ya baharini. Maji matamu yatawaua kabla hawajatema mchanga. Waweke juu ya chujio lililozamishwa ndani ya beseni ili mchanga uanguke chini nao wasiunyonye tena. Wakae mahali pa baridi na giza kwa saa chache, na ukiona maji yamechafuka yabadilishe.

Bandika maji ya spageti, lita nne. Desturi ya Italia ni gramu 10 za chumvi kwa kila lita, lakini hapa punguza iwe kama nusu tu, maana bahari inakuja na chumvi yake. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na hakuna dawa baada ya hapo.

Wakati maji yanachemka, weka kikaango kipana jikoni na vijiko vinne vya mezani vya mafuta ya zeituni, punje mbili za kitunguu saumu zilizopondwa kidogo, mashina ya pasili na pilipili moja kavu. Moto uwe mdogo. Kitunguu saumu kinukie na kugeuka rangi ya dhahabu, kisifike kahawia, maana uchungu wake utafunika kila kitu. Pasili inafanana na dhania machoni lakini harufu yake ni ya upole. Ukiikosa, afadhali utumie majani machache ya dhania kuliko mengi. Divai nyeupe wengine hutia, lakini nyumba nyingi za Napoli hazitii, na asiyetumia pombe hapungukiwi kitu.

Ongeza moto, mimina kombe, funika. Baada ya dakika mbili chungulia. Wa kwanza wamekwisha funguka. Usingoje wote. Anayefunguka mtoe kwa koleo au kijiko umweke kwenye bakuli, kwa sababu kila nusu dakika ya ziada inaikaza nyama yake. Baada ya dakika tano, aliyebaki amejifunga mtupe. Kikaangoni sasa kumebaki maji yenye rangi ya maziwa yaliyozimuliwa. Yachuje kwa kitambaa safi, polepole, ukiyaacha matone ya mwisho pamoja na mchanga wake. Yaonje. Ladha hiyo ndiyo uliyokuwa ukiitafuta, na ikiwa kali mno iongezee maji kidogo. Nyama za theluthi mbili ya kombe zitoe kwenye magamba, na waliobaki waache ndani ya magamba yao wapambe sahani.

Tia spageti kwenye maji yanayochemka kwa nguvu. Pakiti ikisema dakika 10, wewe toa ikifika 7. Ukiikata kwa meno uone kiini cheupe katikati, kigumu. Ihamishe moja kwa moja hadi kwenye kikaango chenye maji ya kombe yanayochemka, na usiyamwage maji ya sufuriani. Sasa inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Spageti inaiva kwa mara ya pili ndani ya maji ya kombe, wewe ukitikisa kikaango na kugeuza bila kukoma, na kila yanapokaribia kukauka unaongeza upawa mdogo wa maji ya sufuriani. Wanga unatoka kwenye ngozi ile ya kukwaruza. Baada ya dakika tatu zima moto, mimina vijiko viwili vya mafuta ya zeituni mabichi, rudisha kombe, nyunyiza pasili iliyokatwakatwa, ugeuze kwa nguvu. Wanga huyazuia mafuta yasijitenge na maji, na vyote vitatu hugeuka mchuzi mmoja wenye utelezi unaoambatana na kila uzi wa tambi. Ukiona dimbwi la maji chini ya sahani na mafuta yakielea juu, hukugeuza vya kutosha: rudisha jikoni dakika moja.

Sahani hii inaitwa nyeupe. Ipo nyingine iliyotiwa madoa mekundu ya nyanya ndogo. Napoli wana zao kutoka miteremko ya volkano ya Vesuvio, zinazofungwa mashada na kutundikwa hadi majira ya baridi, na hizo ndizo huvunjwa tano au sita ndani ya mafuta kabla ya kombe kuingia. Mimi naipenda nyeupe, ingawa siwezi kumlaumu anayeongeza nyanya mbivu chache. Jibini ndiyo nitakayoikatalia mezani. Italia haina sheria moja juu ya jambo hili, na watu wa Bari huchanganya kome na jibini ya kondoo katika chakula chao cha wali na viazi kilichookwa. Lakini juu ya kombe waliopikwa kwa mafuta na maji yao tu, jibini inafunika kile ulichohangaikia tangu asubuhi.

Anayetaka kukanda unga kwa mikono yake pia ana nafasi. Kwenye pwani ya Amalfi kuna tambi fupi nene zinazoitwa scialatielli, zilizobuniwa na mpishi Enrico Cosentino katika karne iliyopita, na zilikusudiwa vyakula vya baharini tangu mwanzo. Unga hukandwa kwa maziwa, yai, jibini kidogo iliyokunwa na majani ya rehani, ukasukumwa kwa kifimbo, ukakatwa kwa kisu. Hakuna haja ya mashine. Ni tamu, ila zinaiva upesi, kwa hiyo muda wa kikaangoni ni mfupi na mchuzi uwe tayari umekolea kabla hazijafika.

Wanaokaa mbali na bahari, Dodoma, Nakuru au Kampala, hawatapata kombe hai, na waliogandishwa bila magamba hawana maji ya kukupa. Usijilazimishe. Nunua kamba wenye vichwa. Vichwa na maganda yakaange kwenye mafuta ya zeituni mpaka yawe mekundu na jiko zima linukie, yaponde kwa mwiko yaachie utomvu, mimina vikombe viwili vya maji ya moto, chemsha dakika 20 kisha chuja. Hayo yatakuwa maji yako ya kombe, na spageti itamalizikia humo kwa njia ileile. Ngisi ukiwa naye, mkate vipande vyembamba umtie dakika mbili za mwisho. Kinyume chake ni kumpika kwa zaidi ya nusu saa, na katikati ya hapo hutafuna mpira. Nyama za kamba ziingie mwisho kabisa, moto ukiwa umekwisha zimwa, zitaivia kwenye joto lililobaki. Wageni wawe wameshanawa na kukaa mezani wakati huo, kwa kuwa mchuzi huu hushikana kwa dakika chache tu kabla spageti haijaunywa wote.